Safari Ikikaribia, Mtayarishe Paka Kabla ya Kumwacha Kliniki

Msomaji, familia inapojiandaa kwa safari ya Idi, ya Hija au ya likizo ya Desemba, kila kitu huhesabiwa: nauli, mizigo, nguo za watoto na funguo za nyumba. Paka hukumbukwa asubuhi ya safari, nahodha akiwa tayari anaita abiria. Hushikwa kwa nguvu, akatiwa guniani na kukimbizwa kwa daktari wa wanyama. Siku ya tatu simu inalia: paka hali, amejikunyata pembeni mwa kizimba, na wenyewe wako Mombasa au Makka.

Balaa hili huweza kuepukwa, mradi matayarisho yaanze wiki sita kabla ya safari.

Huenda ukauliza, tabibu wa watu ana lipi la kusema juu ya paka? Jibu ni kwamba afya ya paka na afya ya wenye nyumba haziachani. Paka aliyetiwa hofu huuma na kupara, na majeraha hayo huletwa kwetu. Tena kuna kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake humpata paka pia. Mgonjwa akishaanza kuonyesha dalili zake, ni nadra mno apone.

Paka wa Lamu na kizimba

Nachukua mfano wa Lamu kwa sababu huko mambo huonekana wazi. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba visivyopita magari. Paka hujilalia barazani, huzunguka Mkomani na Langoni apendavyo, na jioni hungoja vichwa vya samaki. Wengine hawana mwenyewe mmoja, bali ni wa mtaa mzima.

Paka wa namna hii hakuzoea kufungiwa. Kwake kizimba ni gereza, harufu ni ngeni na sauti za wanyama wengine ni tishio. Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: je, ni lazima aende kliniki? Paka hushikamana na mahali pake kuliko mbwa. Ikiwa safari ni ya siku chache, naye ni mzima, jirani mwaminifu anayepita asubuhi na jioni kumpa chakula na maji na kumtazama hali yake huenda akamfaa zaidi. Kliniki inafaa pale paka anapotumia dawa, anapokuwa mzee, pasipokuwa na mtu wa kumwangalia, au safari inapokuwa ndefu.

Ukiamua kumpeleka, nenda kwanza wewe mwenyewe ukapaone. Hakikisha daktari amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Uliza kama paka hutengwa na mbwa, kama wagonjwa hutengwa na wazima, nani hubaki usiku, na vizimba husafishwa kwa dawa gani. Swali hili la mwisho si la kupuuzwa. Kirusi cha panlukopenia, ugonjwa wa paka wa kutapika na kuhara, huweza kuishi sakafuni kwa miezi mingi. Sabuni peke yake haikiui. Baada ya kuosha hutakiwa dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, iliyochanganywa na maji kwa kipimo.

Wiki sita kabla: chanjo

Chanjo haimkingi paka siku ile ile anapodungwa. Mwili huhitaji muda wa kujenga kinga. Paka mzima ambaye hajapata kuchanjwa huhitaji sindano mbili za panlukopenia na mafua ya paka, zikipishana wiki tatu au nne. Paka mchanga huanza akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida kuanzia umri wa wiki 12, na kinga ya sindano ya kwanza huhesabiwa kuwa imekamilika baada ya siku 21 hivi. Usiseme, "Mtaani kwetu mbwa ni haba." Kliniki hukusanya wanyama kutoka kila upande, na huwezi kujua aliyelala kizimba cha pili ametoka wapi. Tunza kadi ya chanjo kama unavyotunza kliniki kadi ya mtoto. Kliniki makini haimpokei paka asiye na kadi.

Ikiwa ulikusudia paka ahasiwe au afungwe uzazi, fanya hivyo wakati huu pia, apate siku 10 hadi 14 za kupona jeraha.

Wiki tatu kabla: viroboto, minyoo na tenga

Mtibu viroboto na minyoo kwa dawa ya paka aliyopewa na daktari. Zingatia neno hilo: dawa ya paka. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina pemetrini, ambayo humtia paka mitetemeko na degedege na huweza kumuua. Vivyo hivyo, usimpe dawa za watu. Ini la paka haliwezi kuisafisha parasetamoli, na hata nusu kidonge huweza kuwa sumu kwake.

Kisha mzoeshe chombo cha kusafiria. Si lazima ununue kizimba cha plastiki cha bei ghali. Tenga imara lenye kifuniko kinachofungika na lenye kupitisha hewa litatosha. Kikapu cha ukili hakifai, kwani makucha hukirarua kwa dakika chache. Liweke tenga chumbani likiwa wazi, tandika ndani leso kuukuu aliyokuwa akiilalia, na umtilie chakula humo. Baada ya siku kadhaa ataingia mwenyewe. Mfungie dakika tano, kesho kumi, kesho kutwa mbebe hadi mwisho wa kichochoro na kurudi. Paka aliyefundishwa hivi hafiki kliniki akiwa nusu mfu kwa hofu, wala hamjeruhi mtoto aliyetumwa kumshika.

Wiki moja kabla: chakula

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo wengi wanapopuuza. Paka wa pwani aliyelelewa kwa samaki huwekewa ghafla punje kavu za dukani, naye hukataa kuzigusa. Mtu akifunga siku mbili hupungua tu. Kwa paka, hasa mnene, siku mbili au tatu bila kula huweza kuyafanya mafuta ya mwili yajae katika ini, likashindwa kufanya kazi yake. Akifikia hapo matibabu ni marefu na ya gharama.

Uliza kliniki wanalisha nini, kisha changanya chakula hicho na alichozoea kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Wakikubali, peleka chakula chako mwenyewe. Waagize wakupigie simu akipitisha saa 24 bila kula. Wengi wetu tunaijua hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula. Basi na tukumbuke kwamba kumwekea paka asichoweza kula hakuna tofauti kubwa na kumnyima.

Waombe pia waangalie mkojo. Paka dume anayechutama mara kwa mara bila kutoa kitu huenda njia yake imeziba, na hofu huchangia maradhi ya kibofu. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, si ya kesho.

Barua ya maelezo

Andika karatasi moja yenye mambo haya:

1. Jina la paka, umri, jinsia na rangi, pamoja na picha yake.
2. Tarehe za chanjo na za dawa za minyoo.
3. Chakula chake, kiasi na saa za kula.
4. Maradhi aliyonayo, na dawa zake kwa kipimo.
5. Nambari yako ya simu, na ya mtu aliyebaki mjini anayeweza kuamua kwa niaba yako.
6. Kiasi cha fedha unachoruhusu kitumike akiugua ghafla.

Jambo la sita huonewa haya, lakini daktari asiyeweza kukupata hulazimika kukisia.

Siku yenyewe

Usimlishe paka mzima saa tatu au nne kabla ya kuondoka, asije akatapika njiani, maji apewe. Ikiwa mwavuka maji kutoka Pate, Manda au Mokowe, tenga liwekwe kivulini, mbali na injini, wala lisifunguliwe chomboni hata akilia namna gani. Lifunike kwa leso nyepesi, maana paka asiyeona vurugu hutulia. Mkabidhi kwa upole, mwachie leso yake yenye harufu ya nyumbani, kisha ondoka.

Arudipo nyumbani

Mweke chumba kimoja siku moja au mbili. Paka wengine wa nyumbani humkataa kwa sababu ananuka kliniki. Kwa wiki mbili angalia kupiga chafya, kuhara, au mabaka yasiyo na manyoya, ambayo huenda ni choa na huambukiza watoto.

Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka akipata wa kumsaidia. Vijidudu vya toksoplasma vilivyomo huhitaji siku moja hadi tano ndipo viweze kuambukiza, kwa hivyo kinyesi kiondolewe kila siku na mikono ioshwe kwa sabuni. Hakuna haja ya kumfukuza paka, kwani wengi huambukizwa kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa.

Na mtu akiumwa au akiparwa hata akatoka damu, aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Asipake majivu, kahawa wala mafuta. Daktari ndiye atakayeamua kama anahitaji sindano za kichaa cha mbwa na za pepopunda.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kama una safari, chukua kalenda leo, tia alama siku ya kuondoka, kisha rudi nyuma wiki sita. Siku utakayoiangukia ndiyo siku ya kumpeleka paka wako kwa sindano ya kwanza.