SOMO LETU: MAJI HUPITA, SUMU HUBAKI MATOPENI



Tukizungumza juu ya mto mchafu, mara nyingi tunatazama maji peke yake. Yakiwa meusi twasema mto umeharibika. Yakiwa safi machoni twasema mto umepona. Somo hili latutaka tutazame chini zaidi, kwenye matope yanayolala chini ya maji.

1. Sumu hukaa wapi?

Sumu nyingi, kama vile risasi, zebaki, arseniki na dawa za zamani za wadudu, hazielei majini kwa muda mrefu. Hushika chembe ndogo ndogo za udongo wa mfinyanzi. Mahali maji yanapopunguza mwendo, chembe hizo hutua: kwenye kona za mto, nyuma ya bwawa, katikati ya matete. Minyoo hula matope hayo, samaki hula minyoo, nasi twala samaki. Ndiyo sababu maji yanaweza kuonekana mazuri huku sumu iko pale pale.

2. Mto wetu Nzoia

Nzoia hukusanya maji ya milima ya Cherangani na Elgon. Hupita pembeni mwa Tongaren, hushuka Webuye, hupita Mumias, na kuingia Ziwa Victoria kule Bunyala.

Pale Webuye, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza kazi mwaka 1974. Kilitumia klorini kung'arisha karatasi. Maji machafu yalipitishwa katika mabwawa ya kusafishia, kisha yakaingia Nzoia. Klorini ikikutana na mbao huzaa kemikali nyingine, na baadhi yake huchukua miaka mingi kuoza. Kiwanda kilifungwa Januari 2009, na mwaka 2016 kikapata mwenyewe mpya. Kilipofungwa, uchafu mpya ulipungua. Lakini matope yaliyolala chini hayajui kwamba kiwanda kimefungwa.

Hata hivyo tusinyooshee Webuye kidole peke yake. Sisi wa Naitiri tuko juu ya mto. Ardhi yetu ilikuwa ya walowezi kabla ya kugawanywa katika miaka ya 1960. Katika Kenya ya wakati wa ukoloni, ng'ombe waliogeshwa kwenye majosho yenye arseniki ili kuua kupe. Josho lahitaji maji, kwa hiyo mengi yalijengwa karibu na vijito. Josho likisafishwa, matope yake yalimwagwa kando. Arseniki haiozi kamwe, na kuchemsha maji hakuiondoi. Josho la zamani lililobomoka si mahali pa kuchimba udongo wala pa kupanda mboga.

3. Basi si tuchimbue tu, tutupe?

Hapa ndipo wengi hukosea. Matope yakichimbuliwa ovyo, sumu iliyokuwa imelala huamka na kusafiri na maji hadi kwa jirani wa chini. Yakianikwa juani, hewa huingia na baadhi ya madini hujitenga na udongo. Mvua ikinyesha, yanarudi mtoni. Kuna njia tatu:

(a) Kuyaacha yafunikwe polepole na udongo safi, kama sumu ni kidogo na mahali pametulia.
(b) Kuyafunika kwa mchanga safi na mawe. Kwa mto wenye nguvu kama Nzoia wakati wa mvua, kifuniko kinaweza kubebwa.
(c) Kuyachimba kwa mashine, eneo likizungushiwa pazia la kuzuia tope lisisambae, na kuyazika katika shimo lisilovuja.

Njia ya tatu ni ghali sana. Tazama Minamata kule Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini tangu 1932 hadi 1968. Ugonjwa uliotokana nayo ulitambuliwa mwaka 1956, lakini bomba halikufungwa hadi miaka 12 baadaye. Kazi ya kuondoa na kuzika matope ilianza 1977 ikaisha 1990. Matope yalifukiwa katika eneo la hekta 58, yaani kama ekari 143. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Tufanye nini sisi?

Kwanza, tuzibe chanzo. Usioshe pampu ya dawa mtoni. Chupa ya dawa ioshwe mara tatu, maji hayo yarudi kwenye pampu, kisha chupa itobolewe isije ikatumiwa nyumbani.

Pili, tuache ukingo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima karibu na mto, kati ya mita 6 na mita 30 kutoka mahali maji yalipofika wakati wa mafuriko makubwa. Majani na miti hushika udongo kabla haujafika majini.

Tatu, tupime kabla ya kugusa. Kupima maji pekee hakutoshi. Matope nayo yapimwe. Chama cha watumiaji maji kinaweza kuandikia Mamlaka ya Rasilimali za Maji au NEMA. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kwa hiyo tukiuliza hatuombi msaada.

Nne, matope ya mahali panaposhukiwa yasitumiwe kama mbolea wala kukandikia nyumba. Hasa kina mama na watoto wajihadhari, kwa kuwa wao ndio hushika udongo huo kwa mikono mitupu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu kuna josho la zamani? Nani anakumbuka matope yake yalimwagwa wapi? Tuwaulize wazee wangali nasi.
2. Mchanga na udongo wa kujengea tunautoa sehemu gani ya mto?
3. Mtu wa Bunyala, ambaye mafuriko humletea matope yetu mpaka shambani, akitutembelea leo, atatuuliza nini?