KIKANYAGIO CHA OKTAVU NA GITAA LA BESI



Muhula uliopita bendi yetu ilichangisha fedha, darasa kwa darasa, tukanunua kikanyagio cha oktavu kwa ajili ya gitaa la besi, ambalo mimi ndiye mpigaji wake. Kikanyagio hicho ni kisanduku cha chuma kiwekwacho sakafuni. Ukikikanyaga huongeza sauti nyingine chini ya ile unayoipiga. Kilikuwa cha bei rahisi, nasi tulifurahi sana. Lakini siku ya kujaribu nyimbo za sikukuu ya wazazi, nilifungua vifundo vyote hadi mwisho, nikapiga uzi mnene kuliko zote. Spika ikalia kama bati la nyumba wakati wa mvua ya mawe, na kwaya, ambayo hushika sauti yake kutoka kwenye besi, ikapotea kabisa. Mwalimu wa muziki akasema kwamba nisipolirekebisha jambo hilo katika siku kumi, bendi itapiga bila kikanyagio. Alikuwa na haki, maana spika tunayo moja tu. Lakini ningewaambia nini wenzangu waliotoa senti zao?

Basi nataka kuwaeleza niliyojifunza katika siku kumi hizo. Ni somo la fizikia na la muziki pamoja.

Oktavu ni nini?

Kila sauti ni mtetemo. Uzi wa E wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi wa A mara 55. Wa D mara 73. Na wa G mara 98. Ukiipunguza mitetemo kwa nusu, unapata sauti ile ile oktavu moja chini. Ukiizidisha mara mbili, unaipata oktavu moja juu.

Jambo hili si geni hapa Buganda. Amadinda ina vibao 12, na ngazi yake ni ya sauti 5. Kwa hiyo kibao cha sita ni kile cha kwanza tena, oktavu moja juu. Wapigaji ni watatu. Omunazi na omwawuzi huketi wakielekeana, na kila mmoja, kwa fimbo zake mbili, hupiga vibao viwili vya oktavu kwa pamoja. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza sauti zinazoangukia vibao viwili vya chini kabisa, na kuzirudia oktavu mbili juu. Marehemu Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka aliyefariki mwaka 1993, aliwaonyesha watu wengi upigaji huo katika Jumba la Makumbusho la Uganda.

Angalieni vema: omukoonezi harudii kila sauti. Hurudia mbili tu, na kwa sababu hiyo husikika kama wimbo mpya uliozaliwa ndani ya wimbo. Naomba mlikumbuke jambo hili, maana mimi nililisahau.

Kikanyagio hufanyaje kazi?

Katika vikanyagio vya namna ya zamani mna swichi ndogo ya umeme. Mtetemo wa kwanza wa uzi huiwasha, wa pili huizima, wa tatu huiwasha tena. Kwa hiyo uzi unapomaliza mitetemo miwili, swichi imemaliza mzunguko mmoja tu. Nayo ndiyo nusu tunayoitaka. Lakini ukipiga nyuzi mbili kwa pamoja, swichi haijui ihesabu upi, na sauti hukoroma.

Sasa tufanye hesabu. Nusu ya mitetemo 41 ya uzi wa E ni 20 na kidogo, na sikio la mwanadamu huanza kusikia kwenye 20 hivi. Maana yake, siku ile nilikuwa naisukuma spika kwa nguvu zote itoe sauti ambayo hata ingetoka, hakuna ambaye angeisikia vizuri. Lakini nusu ya uzi wa G ni 49, na hiyo husikika. Kwa hiyo oktavu ya chini ni ya nyuzi nyembamba, wala si ya nyuzi nene. Mwaka 1983 mpigaji Pino Palladino alitumia kikanyagio cha Boss OC-2 katika wimbo wa Paul Young, na besi yake ikaimba juu huku kivuli chake kikitembea chini.

Jinsi ya kuchagua

Kwanza, tafuta kikanyagio chenye kifundo cha peke yake kwa sauti asili ya gitaa. Boss OC-2, kilichotengenezwa tangu 1982 hadi 2003, kina vifundo vitatu: sauti asili, oktavu moja chini, na oktavu mbili chini. Mpaka leo watu hukitafuta kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika.

Pili, jiulize kama unapiga uzi mmoja mmoja au nyuzi nyingi pamoja. Vikanyagio vya kidijitali, kama Micro POG cha Electro-Harmonix, huweza kufuata nyuzi nyingi kwa mara moja. Mpigaji wa besi kwa kawaida hahitaji hayo.

Tatu, kijaribu kwa gitaa lako na kwa spika yako. Spika kubwa ya dukani itakudanganya.

Nne, soma volti zilizoandikwa na upande wa chanya na hasi. Ukigeuza, unaweza kukiunguza siku ya kwanza.

Jinsi ya kurekebisha

Hata baada ya kuhamia uzi wa G, sauti ya chini ilikuwa dhaifu. Nikakipeleka kisanduku kwa mzee mmoja fundi wa redio huko Katwe. Akakifungua, akatazama, akacheka.

"Mwanangu," akasema, "mlango ni mwembamba. Usimlaumu mgeni kwa kushindwa kuingia."

Mlango aliousema ni kapasita iliyo kabla ya kifundo cha sauti. Ilikuwa ya mikrofaradi 0.047, na kifundo chenyewe ni cha ohm 50,000. Kanuni ni hii: zidisha 2 kwa 3.14, kwa ohm, kwa faradi. Kisha gawanya 1 kwa jibu lake. Hapa tunapata mitetemo 68 hivi kwa sekunde. Kila sauti iliyo chini ya hapo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Ile 49 yangu ilikuwa inazuiwa mlangoni! Tukaweka kapasita ya mikrofaradi 0.22, na mpaka ukashuka hadi 15 hivi.

Atakaye kufanya hivyo na ashike haya. Toa betri kwanza. Tumia kapasita ya namna isiyo na chanya na hasi. Usiache chuma cha kulehemu kwenye kiungo kwa zaidi ya sekunde chache. Weka kapasita ya zamani kwenye bahasha, ili uweze kuirudisha. Na usifungue kamwe amplifaya yenyewe: kikanyagio kina volti 9, lakini amplifaya hupokea volti 240 za ukutani, na hata ikizimwa huweza kubaki na umeme wa kuua.

Mwisho

Siku ya sikukuu nilifunga kifundo cha oktavu mbili kabisa, nikaacha cha oktavu moja katikati. Nilikanyaga kwenye kiitikio tu, katika nyuzi za D na G, juu ya shingo ya gitaa. Kwaya ilishika sauti yake tangu mwanzo hata mwisho. Baadaye kijana wa kidato cha kwanza, ambaye naye alichanga, aliniuliza kwa nini sikukitumia kikanyagio wimbo mzima, hali tulikilipia. Nikampeleka chumba cha muziki, nikamwonyesha vile vibao viwili vya omukoonezi.