Mjue Papasi na Homa Yake Inayorudi



Katika somo letu la leo tutamchunguza kiumbe mdogo ambaye watu wengi wa vijijini hulala naye nyumba moja bila kumwona. Kiumbe huyo ni papasi. Papasi hana mabawa wala hapigi kelele sikioni kama mbu. Huja usiku, hunywa damu, kisha hurudi mahali pake kabla hujaamka. Lakini katika kunywa huko anaweza kukuachia ugonjwa uitwao homa ya papasi. Ugonjwa huu humlaza mtu mzima kitandani, huharibu mimba, na huua watoto wachanga.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kwa papasi tunaweza kuongeza kwamba kikulacho ki ukutani mwako. Ukiyajua maisha yake utajua pia mahali pa kumshinda.

PAPASI NI WA JAMII GANI?

Katika mazungumzo ya kawaida kila kiumbe kidogo chenye miguu mingi tunakiita mdudu. Wataalamu wa elimu ya viumbe hutenganisha zaidi. Wanasema kuna kundi kubwa sana la wanyama liitwalo athropoda. Wanyama wa kundi hili hawana mifupa ndani ya mwili. Badala yake wana ngozi imara ya nje inayowakinga, na miguu yao ina viungo, yaani hukunjika mahali mahali kama goti na kiwiko. Kwa kuwa ngozi hiyo haitanuki sana, kiumbe anapokua humbidi aivue na kuvaa nyingine. Bila shaka umewahi kuona ganda tupu la nyenze limeng'ang'ania kwenye mti. Mwenyewe amekwisha kulivua akaenda zake.

Kundi hili lina koo mbalimbali. Wadudu halisi wana miguu sita, vipapasio viwili kichwani, na mwili wenye sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Hao ni kama nzi, mbu, nyuki, panzi, chawa, kiroboto na kunguni. Ukoo wa buibui una miguu minane, hauna vipapasio na hauna mabawa. Humo wamo buibui, nge, kupe na papasi. Tandu na jongoo, wenye miguu mingi, wana koo zao, na kaa wa baharini naye ana ukoo wake.

Kwa hiyo papasi si mdudu halisi. Ni jamaa wa karibu wa kupe. Jambo hili lina faida kwako nyumbani. Ukikuta kiumbe kwenye ufa wa kitanda, mhesabu miguu. Akiwa mkubwa na ana miguu sita, huenda ni kunguni. Akiwa na miguu minane na mwili kama mfuko wa ngozi, shuku papasi.

KUPE NA PAPASI HAWAFANANI TABIA

Wafugaji wanamfahamu kupe vizuri. Kupe hukaa malishoni, humng'ang'ania ng'ombe kwa siku kadhaa, na mgongoni ana kigao kigumu. Kupe wa aina fulani huleta ndigana kali kwa ng'ombe, na ndiyo sababu tunapeleka mifugo kwenye josho.

Papasi hana kigao hicho. Ngozi yake ni laini yenye mikunjo, rangi ya udongo au kijivu. Papasi mkubwa ana urefu wa karibu sentimeta moja. Mdomo wake uko chini ya mwili, hivyo ukimtazama kutoka juu huuoni. Aina inayoishi katika nyumba zetu, ambayo wataalamu huiita Ornithodoros moubata, haina hata macho. Akiwa na njaa ni bapa kama mbegu ya boga, na akishiba huvimba kama tunda dogo.

Tofauti kubwa ni hii: kupe hupanda juu ya mnyama akakaa, lakini papasi hukaa nyumbani akakungoja. Kwa hiyo dawa ya josho haimfikii. Josho la papasi ni nyumba yenyewe.

MAISHA YAKE NDANI YA UFA

Papasi hupenda mahali pakavu penye giza. Hukaa katika nyufa za kuta za udongo, katika vumbi la sakafu karibu na ukuta, chini ya mikeka, na katika maungio ya vitanda vya miti. Nyumba za tembe na nyumba nyingine za udongo zisizopigwa lipu humfaa sana. Mkoa wa Dodoma ni mmoja wa mikoa ya Tanzania inayoufahamu ugonjwa huu kwa miaka mingi.

Jike hutaga mayai katika ufa, hupumzika, hunywa damu tena, na hutaga tena. Mtoto akitoka katika yai ana miguu sita tu, naye hali kitu. Baada ya siku chache hujivua ngozi, akapata miguu minane na kuanza kutafuta damu. Kila anapotaka kukua humbidi anywe damu kwanza, kisha ajivue. Hufanya hivyo mara kadhaa mpaka awe mkubwa. Kwa mbu ni jike tu anayeuma, lakini kwa papasi wote huuma: majike, madume na watoto.

Usiku mtu anapolala, papasi hutoka. Hunywa kwa muda mfupi, kwa kawaida hauzidi nusu saa, kisha hujiangusha na kurudi ufani. Ndiyo maana asubuhi huoni kitu ila pengine alama ndogo ya kuumwa.

Jambo la kushangaza kuliko yote ni uvumilivu wake. Papasi anaweza kukaa bila chakula kwa miaka kadhaa. Basi nyumba iliyohamwa muda mrefu si salama kwa sababu tu haina watu. Familia inayorudi kulala humo inaweza kupokewa na papasi wenye njaa.

VIJIDUDU VYA HOMA VINAINGIAJE MWILINI?

Papasi mwenyewe si ugonjwa. Ugonjwa huletwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vyenye umbo la uzi uliojisokota. Papasi akivipata hubaki navyo maisha yake yote. Anapokuuma huvitoa katika mate yake. Tena, anapokunywa damu hutoa maji ya ziada karibu na mashina ya miguu yake ya mbele. Maji hayo nayo yana vijidudu, na huweza kupenya katika kidonda alichokitoboa.

Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alikuwa akiuchunguza ugonjwa huu huko Kongo pamoja na mwenzake John Todd. Dutton aliugua homa hiyohiyo akafariki mwaka huo, na vijidudu hivyo vikapewa jina lake, Borrelia duttonii. Mwaka huohuo wa 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwachunguza papasi katika vibanda vya njia za misafara katika nchi yetu, wakati huo ikitawaliwa na Wajerumani. Aligundua kwamba vijidudu hupita hata katika mayai ya papasi. Maana yake ni nzito: papasi anaweza kuzaliwa akiwa na vijidudu tayari. Nyumba inaweza kutunza ugonjwa hata kama hakuna mgonjwa ndani yake.

HOMA INAYOKWENDA NA KURUDI

Kwa kawaida homa huanza wiki moja hivi baada ya kuumwa. Huja ghafla na kwa nguvu. Mgonjwa hutetemeka, huumwa kichwa, mgongo na viungo, na mara nyingi hutapika. Baada ya siku tatu hivi hutoka jasho jingi na homa hushuka. Mgonjwa husema, "Nimepona." Wiki moja hivi ikipita, homa hurudi. Inaweza kurudi mara nyingi.

Kwa nini hurudi? Askari wa mwili wetu huvitambua vijidudu kwa vazi lao la nje, wakaviua vingi. Lakini vichache hubadili vazi, kama mwizi anayebadili shati ili asitambuliwe. Hivyo huzaana upya mpaka askari walitambue vazi jipya.

Hapa ndugu msomaji uwe macho. Kwa kuwa homa hii huondoka yenyewe kwa muda, dawa yoyote aliyokunywa mgonjwa siku hiyo hupewa sifa isiyostahili. Mmoja atasifu vidonge vya malaria vilivyobaki kabatini, mwingine atasifu mizizi. Wote wawili homa itawarudia.

Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuviona vijidudu vya papasi. Kwa hiyo kipimo kikionyesha kwamba huna malaria, na homa bado ni kali au imeshawahi kurudi, mwambie mganga wazi: "Nyumbani kwetu kuna papasi." Damu ichukuliwe wakati homa imepanda ipimwe kwa darubini, maana homa ikishuka vijidudu huwa vichache na ni vigumu kuviona. Ikiwa zahanati yenu haina darubini, mgonjwa apelekwe kituo chenye maabara. Kumbuka pia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na malaria na homa ya papasi kwa pamoja.

Ugonjwa huu unatibika. Ziko dawa zinazoviua vijidudu, na mganga huchagua dawa kufuatana na umri wa mgonjwa na kama ni mjamzito. Saa chache baada ya dawa ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka na homa kupanda zaidi. Hii hutokea kwa sababu vijidudu vingi vinakufa kwa mara moja. Ni hali inayohitaji uangalizi, kwa hiyo usiharakishe kumrudisha mgonjwa nyumbani, wala usikimbie dawa.

"PAPASI WA KWETU HAWATUDHURU"

Maneno haya husemwa na wazee katika vijiji vingi, na hayakutoka hewani. Mtu aliyeumwa mara nyingi tangu utotoni mwili wake huzoea kwa kiasi fulani. Ndiyo sababu mgeni hulala usiku mmoja akaugua, na mwenyeji haugui.

Lakini tujiulize: je, mtoto aliyezaliwa juzi ni mwenyeji au mgeni? Kwa papasi, mtoto huyo ni mgeni. Mwili wake haujajifunza kupigana. Na mama mjamzito, hata awe mwenyeji wa miaka mingi, yuko hatarini. Homa ya papasi huweza kuharibu mimba, kumfanya azae kabla ya siku zake, au kupitisha vijidudu kwa mtoto tumboni. Kwa hiyo mzee anayesema papasi hawamdhuru huenda anasema kweli juu ya mwili wake. Hasemi kweli juu ya mkwe wake na mjukuu wake. Mjamzito mwenye homa asingoje hata siku moja. Vilevile mgonjwa yeyote mwenye macho ya manjano, anayetokwa damu puani au anayechanganyikiwa apelekwe haraka.

JINSI YA KUMTAFUTA NA KUMZUIA

Kuwatafuta papasi ni kazi rahisi. Kwa kijiko au kijiti chota vumbi kutoka nyufa za chini za ukuta, hasa upande wa kitanda. Limwage juu ya bati au karatasi nyeupe juani, uketi na kungoja kwa utulivu. Papasi hufanana na chembe za udongo, lakini wakipata joto wataanza kutembea. Usiwapasue kwa vidole, kwa sababu maji ya mwili wao yanaweza kuwa na vijidudu.

Ukiwapata, fanya haya:

1. Ziba nyufa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Piga lipu kuta zote mpaka chini. Kama saruji ni ghali, kandika kwa udongo mzuri na urudie kila ufa unapotokea. Sakafu ya saruji ni bora zaidi.

2. Usilale chini. Tumia kitanda kisichogusa ukuta. Chomeka neti vizuri chini ya godoro, nguo za kitanda zisiburuzike sakafuni.

3. Kuku na mifugo wawe na banda lao. Damu yao huwalisha papasi.

4. Kagua mikeka, vitanda na mizigo kabla ya kuhama. Papasi husafiri ndani ya vyombo hadi nyumba mpya.

5. Kabla ya kupuliza dawa ya kuua wadudu, mwone bwana afya. Dawa isiyofaa haimfikii papasi aliye ndani ya ufa, nayo inaweza kuwadhuru watoto.

Kama fedha haitoshi kwa nyumba nzima, anza na chumba anacholala mama mjamzito na watoto. Kazi ya kukandika chumba kimoja ni ya siku chache, na majirani wakisaidiana huwa nyepesi zaidi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja tofauti mbili kati ya papasi na kunguni.

2. Kwa nini josho la ng'ombe haliwezi kumaliza papasi?

3. Jirani amekunywa mizizi na homa imeondoka siku ya nne. Je, amepona? Mtamshauri nini?

4. Ni nyumba ngapi katika kitongoji chenu ambamo mjamzito au mtoto mchanga hulala karibu na ukuta wenye nyufa? Pangeni ni ipi itakandikwa kwanza, na lini.