Diski Inapopotea Baada ya Tarakilishi Kulala: Ya Kukagua Kabla ya Kuvuka kwenda Mbita

Kisiwani Takawiri, kwenye Ziwa Victoria, mtu anayefanya kazi kwa kutumia umeme wa sola hujifunza mapema kuibana betri. Katibu wa BMU anaingiza uzani wa omena wa asubuhi, anafunga kifuniko cha kipakatalishi aende kupokea mashua, na kipakatalishi kinalala. Akirudi na kukifungua, kioo kinawaka na kazi iko pale alipoiachia. Lakini diski ya nje yenye rekodi za mwaka mzima haionekani. Waya umechomekwa, taa ya diski pengine inawaka, ila kwenye orodha haimo.

Mara nyingi diski hiyo haijafa. Hasara kubwa hutokea baadaye, mtumiaji anapoanza kubonyeza kila kinachojitokeza. Ujumbe ukiuliza kama anataka kufomati diski, kitufe cha kubonyeza ni "Cancel". Kufomati ni kuandaa diski kama mpya: orodha ya faili hufutwa, na kuzirudisha huwa kazi ya fundi mwenye vifaa maalum, kazi ambayo si kila wakati hufaulu. Neno "Initialize" nalo ni la kuogopwa vivyo hivyo kwenye diski yenye kazi za watu.

Ili kujua pa kutafuta, inafaa kuelewa kinachotokea tarakilishi inapolala. Kumbukumbu ya muda, yaani RAM, huendelea kupewa umeme kidogo ili ishike kazi iliyokuwa wazi. Sehemu nyingine nyingi hukatiwa umeme au hupunguziwa, ikiwemo milango ya USB. Inapoamka, tarakilishi huita vifaa vyake kimoja kimoja. Flashi hujibu mara moja kwa kuwa ndani yake hakuna kinachozunguka. Diski ya nje ya aina ya kawaida ina sahani ambazo lazima zianze kuzunguka upya, nayo huchukua sekunde kadhaa. Ikichelewa, au mlango ukishindwa kuamka vizuri, tarakilishi huihesabu kuwa haipo na kuendelea na mambo yake.

Jaribio la kwanza halihitaji ujuzi wowote: kuhifadhi kazi iliyo wazi, kisha kuchagua "Restart". Kwenye Windows 10 na 11, "Restart" si sawa na kuzima kwa "Shut down" halafu kuwasha. Windows nyingi huja na mpango wa kuwaka haraka ambao huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo wakati wa kuzima, kwa hiyo hitilafu inaweza kuzimwa nao na kuwashwa nao. "Restart" huanza upya kabisa. Diski ikirudi, kisha ikapotea tena kila kipakatalishi kinapolala, tatizo linaelekea zaidi kuwa kwenye mipangilio ya umeme. Isiporudi, kinachofuata ni waya na mlango.

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mlango wa USB 2.0 umekadiriwa kutoa miliampea 500, na wa USB 3.0 miliampea 900. Milango ya USB 3.0 mara nyingi ina rangi ya buluu ndani. Diski yenye sahani huhitaji umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka kuliko inapokuwa imeshazoea mwendo, na kuamka ni kuanza upya. Ndiyo maana diski inaweza kufanya kazi mchana kutwa na bado ishindwe kuamka. Kigawanyio cha USB kisicho na chaja yake humaliza mambo: mlango mmoja unalisha kipanya, modemu na diski kwa pamoja. Diski ichomekwe moja kwa moja kwenye kipakatalishi, kwa waya mfupi uliokuja nayo, kwenye mlango wa buluu ukiwepo. Mlango nao ukaguliwe ndani. Wakaazi wa ufuoni wanajua wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi. Humo pia huingia.

Mlio nao una habari. Diski inayotoa "tik, tik" kwa kurudiarudia huenda inakosa umeme, au sehemu zake za ndani zimeanza kuchoka. Ikiwa mlio unaendelea hata kwa waya mwingine na tarakilishi nyingine, diski izimwe na isijaribiwe tena na tena, kwani kila jaribio linaweza kuongeza madhara.

Ikiwa haina mlio mbaya na bado haionekani, kuna chumba kingine cha kuchungulia. Mtumiaji abonyeze kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na X, kisha achague "Disk Management". Humo huorodheshwa diski zote ambazo tarakilishi inazihisi, hata zisizoonekana kwingine. Diski ikiwa pale bila herufi kama E au F, dawa ni kubofya sehemu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuipa herufi isiyotumika. Ikiandikwa "Offline", ibofywe vivyo hivyo na kuchaguliwa "Online". Hatua hizi mbili hazifuti faili. Ikiandikwa "RAW" au "Not Initialized", mkono utoke kwenye kipanya. Hapo mfumo unasema hausomi mpangilio wa diski, na iwapo waya na mlango tofauti havikusaidia, kazi imefika kwa fundi.

Kwa diski inayopotea kila baada ya usingizi, mipangilio ni miwili. Wa kwanza uko "Control Panel", kwenye "Power Options", katika mipangilio ya ndani ya mpango wa umeme unaotumika. Chini ya "USB settings" kuna "USB selective suspend setting", ambayo huruhusu mlango usiotumika kulazwa peke yake. Iwekwe "Disabled". Vipakatalishi vingine vipya havionyeshi kipengele hiki, na hiyo si kasoro. Wa pili uko "Device Manager", inayopatikana pia kwa kitufe cha Windows na X. Katika kundi la "Universal Serial Bus controllers", kila "USB Root Hub" ina ukurasa wa "Power Management" wenye alama ya kuruhusu tarakilishi kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Alama hiyo iondolewe, kisha tarakilishi iwashwe upya.

Mabadiliko haya yanakula betri kidogo zaidi. Anayetegemea betri ya sola anaweza kuyaacha na kufuata njia ya bure: kufunga faili, kuitoa diski kwa "Eject" au "Safely Remove Hardware", ndipo alaze kipakatalishi. Njia hii hata ni salama zaidi.

Kosa moja ni la kuangaliwa sana visiwani, ambako diski husafiri kuliko tarakilishi. Mtu analaza kipakatalishi, anachomoa diski bila kuitoa, anaipeleka kwenye saiba Mbita kuchapisha ripoti na kuongeza faili, kisha jioni anairudisha. Kipakatalishi kinachoamka kinaweza kuwa bado kinakumbuka diski ilivyokuwa asubuhi, na kikiandika juu ya kumbukumbu hiyo ya zamani, faili huchanganyikana. Kabla ya safari, diski itolewe rasmi au tarakilishi izimwe.

Diski za ndani hupotea pia, hasa ya pili kwenye tarakilishi ya mezani. Huko washukiwa ni waya uliolegea na programu za bodi kuu zilizopitwa na wakati. Kufungua kasha kunahitaji umeme uwe umekatwa kabisa.

Diski ikirudi kwa njia yoyote, kazi ya kwanza ni kunakili faili muhimu mahali pengine. Kukagua makosa ya diski, kwa "Properties", "Tools" na "Check", kusubiri hadi nakala iwepo. Nakala moja ikae nje ya kisiwa au kwenye hifadhi ya mtandaoni, ili mashua ikipinduka au nyumba ikishika moto zisiangamie zote. Kwa vikundi vya akiba, shule na zahanati, hili si suala la hiari tu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde zisipotee wala kufikia wasiohusika. Kwa hiyo, diski yenye majina na nambari za vitambulisho ikibidi iende kwa fundi, ipelekwe na mhusika mwenyewe, apewe risiti, na fundi aambiwe mambo matatu: ilipotea baada ya kulala, haijafomatiwa, na faili zitolewe kwanza kabla ya kujaribu kuitengeneza.