Unataka Kuwa Hakimu? Mbinu kwa Kijana wa Onduparaka

Katika majimbo kama Texas kule Marekani, jaji wa kaunti huomba kura. Hubandika mabango, huchangisha fedha za kampeni, na wapiga kura wakimchoka humwondoa. Uganda ni tofauti. Hakimu huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais kwa ushauri wa Tume hiyo na kwa idhini ya Bunge. Kwa hiyo umaarufu mtaani hautakusaidia. Kinachokubeba ni vyeti, kazi uliyoifanya na jina safi, na vyote vitatu huanza kuandaliwa miaka mingi kabla ya tangazo la ajira kutoka.

1. Zijue ngazi

Hakimu wa daraja la kwanza husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, na makosa ya jinai ambayo adhabu yake ya juu si kifo wala kifungo cha maisha. Hakimu Mkuu hufika milioni 50, na kwa jinai huachiwa yote isipokuwa yale ya adhabu ya kifo. Ila lipo jambo ambalo wengi hawalijui: shauri linalotawaliwa na sheria ya mila pekee halina kikomo cha thamani mbele ya mahakimu hao wawili. Huku West Nile, ambako ardhi nyingi inamilikiwa kimila, hakimu kijana anaweza kujikuta mwezi wa kwanza kazini akiamua hatima ya mashamba ya ukoo mzima.

Juu yao ipo Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Arua. Kuwa jaji huko Katiba inataka uwe umefanya uwakili si chini ya miaka 10, au uwe umekuwa jaji wa mahakama ya hadhi hiyo. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 65.

2. Panga masomo pamoja na ada

Shahada ya sheria huchukua miaka 4 pale Makerere. Wengi huishia hapo kwa sababu fedha zimekwisha, ilhali kuna hatua ya pili isiyokwepeka: stashahada ya utendaji wa sheria katika Kituo cha Maendeleo ya Sheria, kile tunachokiita LDC. Mbali na Kampala, kituo hicho kina kampasi Mbarara na Lira, na kwa mtu wa Arua au Koboko Lira ndiyo karibu zaidi. Hesabu ada ya LDC tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na wazazi waijue mapema.

3. Kaa mahakamani usikilize

Kesi husikilizwa hadharani. Vaa vizuri, zima simu, keti nyuma, kisha usimtazame wakili anayenguruma, mtazame hakimu. Kumbukumbu za mahakama huandikwa kwa Kiingereza, lakini shahidi anaweza kuzungumza Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili. Utaona shahidi akieleza kwa dakika tatu, halafu mkalimani anarudisha sentensi moja: "Anasema shamba ni lake." Hakimu makini huweka kalamu chini na kumwambia mkalimani aeleze yote yaliyosemwa. Asiyekuwa makini huandika hiyo sentensi moja na kuendelea, na kilichopotea pale hakitaonekana kwenye rufaa. Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Kazi ya hakimu ni kuhakikisha ukalimani huo ni wa kweli. Kama unazijua lugha mbili tatu za kwetu, huo ni mtaji. Usiuache upotee kwa kuona lugha ya nyumbani ni aibu.

4. Jifunze ardhi kwa miguu

Mgogoro wa mpaka hauishii mezani. Hakimu huenda shambani pamoja na pande zote mbili, na kila shahidi huonyesha alichokisema mahakamani: mwembe aliopanda babu, kaburi la shangazi, kijito, mabaki ya nyumba ya zamani. Hakimu huchora ramani ya mkono, hupima umbali, huandika nani amesema nini na nani alikuwepo. Mtego upo hapo. Wanakijiji hukusanyika, na mzee ambaye hakuwahi kutoa ushahidi huanza kueleza historia ya ukoo. Hakimu akimsikiliza bila kiapo na bila kumruhusu mpinzani amhoji, hukumu yake iko hatarini. Tangu kesi ya Waibi dhidi ya Byandala ya 1982 msimamo ni kwamba ziara hiyo ni ya kuhakiki ushahidi uliokwisha kutolewa, si ya kuziba mapengo yake.

Zoezi: chagua shamba la kwenu, waombe wazee wawili wakuonyeshe mpaka kila mmoja kwa wakati wake, kisha chora ramani mbili. Tofauti kati ya ramani hizo itakufundisha mengi.

5. Andika hukumu kabla hujapewa kiti

Maamuzi ya mahakama zetu yanapatikana bure kwenye tovuti ya ULII. Anza na yale ya rufaa za ardhi aliyoandika Jaji Stephen Mubiru alipokuwa Arua. Soma maelezo ya ukweli wa kesi, funga ukurasa, andika hukumu yako: hoja zinazobishaniwa, ushahidi wa kila upande, sheria, amri. Halafu linganisha. Jiwekee muda pia, kwa kuwa kanuni za maadili za 2003 zinamtaka hakimu atoe hukumu ndani ya siku 60.

6. Linda jina lako

Katika mji ambao kila mtu ni shemeji wa mtu, mkopo wa leo ni aibu ya kesho. Nenda uwanja wa Green Light uishangilie Onduparaka FC, lakini tiketi jinunulie. Ndugu yako akifika mbele yako na kesi, jitoe.

Na ujasiri pia unahitajika. Mnamo Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka aliamuru Mwingereza aliyezuiliwa kinyume cha sheria aachiwe. Tarehe 21 ya mwezi huohuo askari wa utawala wa Idi Amin, mtu mwenye asili ya Koboko, walimchukua kutoka Mahakama Kuu, Kampala, na hakuonekana tena.

Kama unachotafuta ni kuitwa mheshimiwa tu, ziko kazi rahisi zaidi. Kama ni haki unayoitaka, mlango wa mahakama ya Arua uko wazi: ingia wiki hii, keti, sikiliza.