Barua ya Kuachishwa Kazi Umeipokea, Sasa Hizo Fedha: Maswali Yenu na Majibu Yangu

Tangu mwanzoni mwa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake na miradi mingi ya afya nchini ikafungwa au kupunguzwa, barua zinazonifikia zimebadilika. Zamani walioniandikia walikuwa vijana wanaotafuta mtaji wa kwanza. Siku hizi ni maofisa takwimu, wahudumu wa afya, madereva na watunza stoo wenye miaka mingi kazini, watu waliopewa barua Ijumaa na kutakiwa kurudisha kompyuta Jumatatu. Nimechagua maswali yanayonikosesha usingizi. Mlioniuliza namna ya kupata TIN au kusajili jina la biashara BRELA, mniwie radhi. Hayo mtaelekezwa na yeyote mwenye simu, na sijaona biashara iliyokufa kwa sababu hiyo.

Meneja anasema tukiandika wenyewe barua za kuacha kazi tutalipwa haraka, tena "kwa heshima". Nisaini? (Dodoma)

Usisaini, dada yangu. Barua ya kuacha kazi ikishakuwa na sahihi yako, hukupunguzwa tena; umeondoka kwa hiari yako, na mlango wa haki zako nyingi unafungwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nanyi au na chama chenu kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au malipo ya siku hizo. Ukiwa umemaliza miezi 12 ya utumishi mfululizo na mwajiri ndiye aliyekuachisha, unastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 8 anadai siku 56. Ongeza likizo usiyoichukua, na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri hana ruhusa ya kukuzuilia.

Kuna pia fao la kukosa ajira la NSSF. Aliyechangia miezi 18 au zaidi na akapoteza kazi bila kupenda kwake hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyeacha kazi mwenyewe halipati. Ndiyo maana barua hiyo ya "heshima" inaniudhi: inakunyang'anya unga wa miezi sita kwa kalamu moja.

Na kama unaona umeonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hupokea malalamiko ya kuachishwa isivyo halali ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Wengi huniandikia mwezi wa tatu tangu waachishwe, baada ya kuzungushwa na ahadi za "njoo wiki ijayo". Wakati huo nitakachoweza kukushauri ni kuomba kuongezewa muda, na lazima uwe na sababu nzito.

Nimepata milioni 6. Mshahara wangu ulikuwa laki 6 mkononi. Nikifungua duka la vyakula mtaani, itachukua muda gani nianze kupata ile laki 6? (Morogoro, Tabata, Kahama na wengine wengi)

Barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu dhana iliyomo ndani yake ndiyo inayoteketeza viinua mgongo vya watu: kwamba mtaji ukishawekwa mahali huanza kutoa mshahara. Mshahara wako mpya utatoka kwa wateja, na wateja bado huna.

Chukua kalamu. Tuseme fremu ni laki na nusu kwa mwezi, na mwenye fremu anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo: laki 9 zimeondoka. Rafu, mizani, friji ya mtumba na rangi: milioni 1 na laki 1. Imebaki milioni 4 ya bidhaa. Sasa matumizi ya mwezi: laki 6 za kwako, laki na nusu ya fremu, na laki 1 na elfu 80 za kijana wa dukani, umeme na ulinzi. Jumla laki 9 na elfu 30. Katika sukari, unga, mafuta ya kula na sabuni, ukibakiwa na shilingi 10 kwa kila 100 unayouza, umejitahidi. Kwa hiyo ili ubaki na laki 9 na elfu 30, uuze milioni 9 na laki 3 kwa mwezi. Ni laki 3 na elfu 10 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Bidhaa zako za milioni 4 ziishe na kununuliwa upya zaidi ya mara mbili kila mwezi, bila mchele kuingia wadudu, bila jirani hata mmoja kuandikwa kwenye daftari la madeni.

Sasa tuangalie yanayotokea kweli. Duka jipya kwenye mtaa wenye maduka mengine manne linauza, tuseme, laki 1 kwa siku. Faida ni elfu 10. Lakini jioni droo ina laki nzima, na nyumbani wanasubiri, basi mwenye duka anachota elfu 20. Kila jioni anakula faida yote na elfu 10 za mtaji, na hajamlipa kijana. Ukiongeza zile laki 1 na elfu 80 za kijana, umeme na ulinzi, kwa mwezi mtaji unapungua kwa laki 4 na elfu 80. Mwezi wa saba mwenye fremu anakuja kudai laki 9 nyingine, na bidhaa zilizobaki kwenye rafu zina thamani ya milioni 1 na laki 1 hivi. Hapo ndipo watu wanapoanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Hakuna. Hesabu ilikuwa imeshaamua tangu siku ya kufungua, ila haikuandikwa.

Sisemi usifungue duka. Nasema kabla ya kulipia fremu, kaa karibu na duka la mtaani kwako kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, katikati ya mwezi na mwisho wa mwezi, uhesabu wanaoingia na wanachonunua. Anza na meza au genge mbele ya nyumba. Punguza kwanza matumizi ya nyumbani, maana mtu anayehitaji laki 3 anaweza kusubiri biashara ikue, na anayehitaji laki 6 hawezi. Weka kando chakula, kodi ya nyumba na ada za miezi sita, mahali ambapo mkono wako haufiki kwa urahisi. Kinachobaki baada ya hapo ndicho mtaji. Kama ni laki 8 tu, basi una biashara ya laki 8, uitafute yenye ukubwa huo.

Sijamwambia mke wangu. Natoka asubuhi kama kawaida. (Barua tatu, Mbeya, Mwanza na Tanga, nimezijibu pamoja)

Mwambieni leo. Ndugu zangu, hilo si la biashara peke yake, lakini nalijibu kama mshauri wa biashara kwa sababu siri hii ina gharama. Familia isiyojua inaendelea kutumia kama zamani: ada ya shule ya binafsi, king'amuzi, mchango wa harusi ya binamu, mahari ya mdogo wako. Kila wiki unayoficha unailipia kutoka kwenye fedha ambazo haziji tena. Bima ya afya mliyokuwa nayo kupitia kazi nayo hukoma, na mkeo ataligundua hilo dirishani hospitalini akiwa amembeba mtoto mwenye homa. Na mara nyingi yeye ndiye mwenye uzoefu wa kuuza, wa VICOBA, wa kujua nani mtaani analipa na nani halipi. Unamficha mtu unayemhitaji kuliko wote.

Kuna kikundi ukiweka laki 5 unavuna milioni 1 baada ya mwezi. Kiongozi ni mcha Mungu kabisa. (Arusha)

Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania walikuwa wamepanga foleni kwenye ofisi za mchezo wa upatu wa DECI kwa maneno hayohayo ya kupanda mbegu na kuvuna, mpaka serikali ilipousimamisha mchezo ule. Viongozi wake walifikishwa mahakamani. Kila baada ya miaka michache mchezo unarudi kwa jina jipya: kuku, sarafu za mtandaoni, kutazama video kwenye simu. Waliotangulia hulipwa kwa fedha za waliofuata, na wanaofuata wakipungua fedha haipo. Matapeli hawa wanajua mradi gani umefungwa na nani amelipwa. Wanawafuata watu wiki zilezile za mafao, wakiwa bado wamepigwa bumbuwazi, na hilo silisamehe.

Kwa pumzi hiyohiyo nawajibu walioniuliza kuhusu kusafishwa nyota, mafuta ya kuvuta wateja, na semina ya laki 3 hotelini ya kufundishwa "fikra za bilionea". Hapana kwa zote tatu.

Niongezee mtaji kwa mkopo wa kwenye simu? Unatoka dakika hiyohiyo. (Dar es Salaam)

Hapana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Mengine hupekua namba zote zilizomo kwenye simu yako, na ukichelewa wanamtumia ujumbe shemeji yako na mchungaji wako. Mikopo ya mtaani iitwayo kausha damu ni ndugu ya hii. Ukipewa laki 1 ukarudisha laki 1 na elfu 30 ndani ya mwezi, umelipa asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Rudi kwenye duka letu la hapo juu lenye faida ya asilimia 10, uone nani anamfanyia nani kazi.

Ni kweli mikopo ya halmashauri hupewi bila kadi ya chama? (Singida)

Si kweli. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, haina riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mnaunda kikundi, mnamwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Anayewaomba hela ya "kusukuma faili" mripotini TAKUKURU.

Je, deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu linasimama nikikosa kazi?

Halisimami. Waandikie, ueleze hali yako.

Nilikuwa mtunza stoo tu wa dawa. Sina ujuzi wa kuuza. Nianzie wapi? (Iringa)

Hilo neno "tu" ndilo linalonisikitisha, kaka. Unajua kupanga bidhaa zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza. Unajua kuhesabu stoo mwisho wa mwezi na kugundua boksi lililopotea lilipotelea wapi. Nenda kwenye maduka ya dawa na maduka ya pembejeo ya mji wako uone wangapi wanatupa mali iliyoisha muda kila mwezi, na wangapi wanaibiwa bila kujua. Mwombe mmoja akuruhusu umhesabie stoo mara moja, kwa malipo kidogo, halafu umwonyeshe kwa maandishi hasara yake. Akikuita tena mwezi unaofuata, umeshapata mteja, na hujalipia fremu wala friji.

Dereva wa mradi anajua barabara za vijijini na anajua gari linalodanganya. Ofisa takwimu anaweza kuziweka sawa hesabu za SACCOS ambayo vitabu vyake havijafungwa muda mrefu. Aliyekuwa akihudumia vikundi vya akina mama anawajua kwa majina, na wanamwamini. Anayetaka kusindika karanga, viungo au sabuni aanzie ofisi ya SIDO ya mkoa wake, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa kazi hiyohiyo ya viwanda vidogo, kabla ya kununua mashine kwa picha za mtandaoni.

Biashara imeanza kusogea, lakini nimeitwa kwenye usaili wa kazi. Nikienda si nitakuwa nimeshindwa? (Moshi)

Nenda, na ukipata, ifanye. Watoto hula kwa mshahara vilevile wanavyokula kwa faida. Biashara usiifunge siku hiyohiyo. Mpe mdogo wako au mkeo daftari la mauzo kwa wiki mbili, wewe ukiwa bado upo nyumbani jioni. Akiweza kukuambia bila kukuuliza kitu ni kiasi gani kiliuzwa, nani anadaiwa na mzigo gani unaisha, mwachie, umlipe kwa utaratibu mnaoujua wote wawili. Asipoweza, uza bidhaa polepole bila kununua nyingine, urudishe mtaji benki.