Dondoo muhimu: Kubadili gasketi ya tapeti kava nyumbani

Ukisimama kwenye foleni unasikia harufu ya oili inayoungua, na ukingo wa tapeti kava umelowa: mara nyingi gasketi imekauka. Kwenye injini ya Toyota 1NZ, kazi hii unaiweza mwenyewe.

Subiri injini ipoe kabisa. Chomoa waya wa hasi wa betri, piga picha mipira na soketi za waya, kisha toa koili. Ukikuta oili kwenye visima vya plagi, ifyonze kwa kitambaa kabla hujagusa plagi.

Fungua boliti za kava. Kava ikigoma, igonge kwa nyundo ya mpira. Usiingize bisibisi, mkwaruzo kwenye alumini utavujisha hata gasketi mpya.

Muda mwingi utumie kusafisha. Kwangua mabaki kwa plastiki, futa kingo zote mbili mpaka kitambaa kitoke safi. Gasketi ya mpira huwekwa kavu. Silikoni ni tone dogo tu pale kava ya cheni inapokutana na silinda hedi. Wanaopaka kote wanaihatarisha injini, maana vipande vikikatika huweza kuziba chujio la pampu ya oili.

Tikisa pia vali ya PCV, inayotoa gesi ndani ya injini. Isipolia, huenda imeziba, na shinikizo la ndani litasukuma oili nje tena.

Rudisha kava, kisha kaza boliti kidogokidogo kutoka katikati. Nyutonimita 10 zinatosha. Washa injini, ipate moto, kisha mulika ukingo wa nyuma wa kava kwa tochi uone kama unavuja.